Baba Anataka Kuona Mji wa Makauboi: Je, Kanab Inastahili Safari?

Swali: Mimi ni Mtanzania, naishi Phoenix, Arizona, na mume wangu na mtoto wetu wa miaka kumi. Septemba baba yangu anakuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka 74, alikuwa fundi seremala, na goti moja linamsumbua. Tangu ujana wake ni mpenzi wa picha za kauboi. Mpaka leo anatusimulia jinsi walivyokuwa wakipanga foleni ya tiketi za sinema. Nimesikia kuna makumbusho katika mji mdogo wa Kanab, Utah, walikohifadhi nyumba zilizotumika kwenye picha hizo. Mwenzangu kazini aliyewahi kupita anasema ni ua tu nyuma ya duka la zawadi, dakika ishirini umemaliza. Je, ni sawa kumwendesha mzee saa sita kwa ajili ya hilo? Naogopa akizikuta ni mbao tupu atavunjika moyo. Na mwanangu ameanza kuniuliza kwa nini Wahindi Wekundu ndio wanaokufa kila mara. Nimjibu nini?

Jibu: Dada yangu, mpeleke. Mpeleke hasa kwa sababu alikuwa seremala.

Mwenzako hakukudanganya. Makumbusho ya Kanab, yanayojulikana kama Little Hollywood Museum, yapo barabara kuu ya mji, Center Street, na unayafikia kwa kupitia duka la kofia, mikanda na vikombe vya ukumbusho. Nyuma yake kuna uwanja wenye nyumba kadhaa za seti zilizong'olewa kule zilikopigiwa picha na kuletwa mjini. Kwa miaka mingi kiingilio kimekuwa bure. Mtu akiingia, akapiga picha mbele ya kila nyumba na kutoka, ni kweli dakika ishirini zinamtosha. Mimi nilifanya kazi ya useremala wa seti kabla ya kuanza kuongoza wageni kusini mwa Utah, na nakuhakikishia kwamba nyumba hizi hazikujengwa ili zitazamwe kwa mbele peke yake na mtu aliyesimama wima katikati ya uwanja. Zilijengwa kwa ajili ya jicho moja, la kamera, lililowekwa mahali pamoja. Ukijua hilo, saa nzima haitoshi.

Kabla ya yote, mpigie simu mzee umuulize ni picha zipi hasa. Wazee wetu wa Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mombasa wanasema "picha za kauboi" kwa jumla, lakini walichokiona kwenye majumba ya sinema miaka ya 1960 na 1970 kilitoka pande mbili. Ziko za Wamarekani, na ziko za Waitaliano, ambazo nyingi wala hazikupigwa Marekani. Django ya 1966 ni ya Waitaliano. Zile tatu za mwongozaji Sergio Leone, alizochezea Clint Eastwood akiwa kijana, sehemu kubwa ya mandhari yake ni jangwa la Tabernas, mkoa wa Almería, Hispania, na kule ziko seti za zama hizo zinazosimama mpaka leo na kupokea wageni. Kama moyo wa baba yako uko kwa Django, Kanab hatakuta kitu chake, na ni vizuri mlijue hilo mkiwa bado nyumbani.

Lakini akikutajia ile picha ya dhahabu, ambayo Gregory Peck anashindana na yule Mmisri, Omar Sharif, hiyo ni Mackenna's Gold ya 1969, na baadhi ya vipande vyake vilipigwa maeneo ya Kanab na Paria, bonde lililo kati ya Page na Kanab. Akikutajia ile ya Sidney Poitier akiwa askari wa zamani anayefundisha farasi wa jeshi, amevaa nadhifu kuliko wazungu wote waliomzunguka, ni Duel at Diablo ya 1966, nayo ilipigwa huko huko Kanab. Na kama anaikumbuka ya Frank Sinatra na Dean Martin ambamo Sammy Davis Jr. anapuliza tarumbeta ya jeshi, ni Sergeants 3 ya 1962. Nitairudia hapo chini kwa sababu mji wake wa mbao una kisa chake. Mwache azungumze, na ikiwezekana umrekodi. Utakuwa na orodha ya safari kutoka kinywani mwake mwenyewe, na siku mkifika utajua wapi pa kusimama.

Utataka kujua kwa nini ikawa Kanab, maana ataliuliza. Ni mji wa watu elfu tano hivi, karibu kabisa na mpaka wa Arizona, ulioanzishwa mwaka 1870 na Wamormoni, wafuasi wa dhehebu lililoanzia Marekani, chini ya majabali mekundu. Mwaka 1924 Tom Mix, aliyekuwa steringi mkubwa wa enzi za picha zisizo na sauti, alikuja kupiga The Deadwood Coach. Kisha ndugu watatu wa familia ya Parry, Chauncey, Whit na Gronway, wakaona mbali. Mwaka 1931 walifungua nyumba ya wageni, Parry Lodge, ambayo bado inafanya kazi, wakawa wanawapa watu wa Hollywood vyumba, chakula, magari na watu wa kuwasaidia. Walibeba picha za majabali ya kwao mpaka Hollywood kwenyewe kuwashawishi wenye kampuni. Hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na fedha za sinema zilikuwa mvua kwenye shamba kavu: mfugaji alikodisha farasi, seremala alijenga baa na jela, wengine walilipwa kupanda farasi kwa kundi na kuanguka pale walipoambiwa waanguke. Zaidi ya picha mia moja, ukichanganya na za televisheni, zimepigwa katika wilaya ile. Milangoni mwa vyumba vya Parry Lodge wameandika majina ya waigizaji, na kando ya Center Street kuna mabango yenye wasifu wao. Mzee atatembea taratibu akiyasoma, na goti lake litapumzika kila hatua kumi.

Sasa tuingie uwanjani.

Nyumba inayotafutwa zaidi ni ile iliyotumika kwenye The Outlaw Josey Wales ya 1976, ya Clint Eastwood. Usikubali mtoto akimbilie ndani. Simameni kwanza hatua kama ishirini mbele yake, kisha mwambie kila mmoja achuchumae kidogo, afumbe jicho moja, atazame. Mzee mwenye goti mletee kiti. Urefu wa mtu aliyekaa kitini unakaribia ule kamera inaowekwa mara nyingi. Nyumba itabadilika. Paa litapanda, ukuta utakuwa mzito, na utaanza kuamini kwamba ndani kuna familia. Kisha mwinuke, mwende karibu.

Hapo ndipo mkabidhi baba yako kazi. Katika seti za aina hii, mawe mengi ya ukutani si mawe. Ni wavu kama wa banda la kuku uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, ukapakwa plasta, au ni faibaglasi iliyomiminwa kwenye kalibu lililochukuliwa kwenye jiwe halisi. Omba ruhusa kwa mhudumu, halafu mzee agonge kwa kifundo cha kidole. Jiwe la kweli linanyamaza. Hili linaitika kama debe lililofunikwa blanketi. Mwambie atazame mbao: zile nyufa na rangi ya kijivu ya uzee mara nyingi si uzee. Fundi wa seti huchukua mbao mpya kutoka dukani, akaiunguza juu juu kwa tochi ya gesi, akaisugua kwa brashi ya waya mpaka sehemu laini itoke na mistari migumu ibaki imesimama, kisha akapaka rangi nyepesi ya maji. Kwa asubuhi moja mbao inapata miaka hamsini. Baba yako akipitisha kiganja atatambua, kwa sababu uzee wa kweli huanza kwenye ncha za mbao na kwenye misumari, pale maji yanapoingilia, na uzee wa fundi umeenea sawasawa kila mahali. Ingawa ongeza na hili: nyumba hizo sasa zimekaa nje kwa jua na theluji miaka mingi, kwa hiyo juu ya uzee wa uongo umepanda uzee wa kweli. Kuutenganisha huo na ule ni kazi ya macho ya seremala, wala si ya mtalii. Mpe muda.

Kisha milango. Ilikuwa kawaida ya mafundi wa seti kuufanya mlango wa steringi uwe mfupi na mwembamba kidogo, ili akijitokeza aujaze, aonekane jitu. Mlango wa bibi wa nyumbani waliuongeza ukubwa, aonekane mdogo. Msimamishe mzee kwenye kila mlango umpige picha, halafu jioni mzilinganishe. Hicho ndicho kitu ambacho watoto hukikumbuka.

Na mwisho mpitie nyuma, dada yangu. Hapa ndipo wengi hawafiki. Nyumba nyingi za seti zina kuta tatu, au zina ukuta mmoja unaotolewa ili kamera ipate pa kurudi nyuma. Ukizunguka unakuta mihimili ya kuegemeza imesimama mshazari kutoka ardhini hadi juu, papi zimepigiliwa msalaba kukaza fremu, na msumari umekunjwa upande wa pili bila kufichwa kwa sababu hakuna atakayeuona. Hakuna kenchi la maana, hakuna dari. Ni kazi ya watu waliopewa wiki mbili na kuambiwa: ikae mpaka picha iishe, basi.

Naijua hofu yako kwamba mzee atavunjika moyo. Niliwahi kumwongoza babu mmoja kutoka Pemba, aliyekuja kwa wajukuu zake Salt Lake City. Alipofika nyuma ya nyumba alinyamaza muda mrefu mpaka mjukuu wake akanitazama kwa wasiwasi. Babu akarudi mbele. Akaenda nyuma tena. Mara ya tatu akaweka kiganja kwenye mhimili mmoja, akausukuma kupima kama bado unashika, na ulikuwa unashika. Akasema, "Huyu fundi alikuwa na haraka, lakini si mzembe." Kutoka hapo hakuacha kuuliza maswali mpaka tulipofika hifadhi ya taifa ya Zion. Nilimweleza chupa zilizopasuliwa kichwani mwa adui, kwamba zamani zilimiminwa kwa sukari iliyochemshwa. Viti vilivyovunjikia mgongoni, kwamba ni vya mbao nyepesi ya balsa. Na ule usiku wa buluu ambao wezi wa ng'ombe walikuwa wakitembea, kwamba ulipigwa saa nane mchana kwa kichujio mbele ya lenzi, ndiyo maana farasi wana vivuli vikali gizani. Alikuwa ameliona hilo la vivuli tangu kijana, akiwa Wete, na hakupata wa kumuuliza kwa miaka hamsini. Mtu wa namna hiyo havunjwi moyo na mbao. Anachokitaka ni kuonyeshwa ilivyofanyika.

Kuna jambo moja la haki nimuombee fundi wa seti. Zile nyumba zenye uso mrefu wa mraba unaoficha paa fupi la nyuma, hazikubuniwa Hollywood. Miji ya kweli ya magharibi mwa Marekani ilijengwa hivyo na wafanyabiashara wenyewe, ili duka la chumba kimoja lionekane la ghorofa na mji wa mahema uonekane mji wa watu wenye fedha. Fundi aliigiza uongo uliokuwepo.

Lakini makumbusho peke yake ni nusu ya safari. Nyumba zile ziliondolewa kwenye ardhi yake, na ardhi ndiyo ilikuwa sehemu ya kweli ya picha. Kwa hiyo mtakapokuwa mnatoka Phoenix, pitieni Flagstaff na Page, mshike barabara namba 89 kuelekea Kanab. Kati ya Page na Kanab, upande wenu wa kulia, mtaona jiwe la kumbukumbu la kihistoria la Paria, na hapo inaingia barabara ya vumbi ya maili tano hivi. Inashuka kwenye bonde ambalo vilima vyake vina mistari ya zambarau, nyekundu, nyeupe na kijivu, kama kitambaa kilichokunjwa na kukunjuliwa. Hapo palikuwa na kijiji cha walowezi kuanzia 1870. Mafuriko ya miaka ya 1880 yakawafukuza wengi wao, na mwishowe pakabaki makaburi. Baadaye watu wa Sergeants 3 wakajenga mji wao wa mbao karibu na hapo. Mji huo wa uongo uliishi kuliko ulivyokusudiwa, ukatumika kwenye picha nyingine ikiwemo The Outlaw Josey Wales, watu wakaupenda. Mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yakauharibu. Wananchi wakajitolea kuujenga upya. Mwaka 2006 ukaungua moto. Leo hakuna hata ukuta. Viko vilima.

Mkalishe mzee hapo kivulini na chupa ya chai. Atakuwa anatazama kitu kile kile alichokiona kwenye pazia jeupe la sinema, na hiki hakuna mhimili unaokishikilia kwa nyuma.

Barabara hiyo ina sharti moja, na nalisema kwa uzito. Udongo wake ni mfinyanzi. Ukiwa mkavu, gari dogo linapita kwa taratibu. Ukilowa, hata gari la magurudumu manne linateleza kama kwenye sabuni. Niliwahi kuingia na wageni mchana mweupe, wingu likiwa mbali, mvua ikatufuata, na tulikaa bondeni mpaka siku ya pili udongo ulipokauka. Septemba mvua za radi bado zinaweza kuja mchana. Mkiona wingu jeusi upande wowote, msiingie. Itazameni rangi ya vilima kutoka barabarani mwendelee.

Upo pia mji wa seti Johnson Canyon, mashariki kidogo ya Kanab, uliotumika kwa baadhi ya vipindi vya Gunsmoke, tamthilia iliyokwenda hewani kutoka 1955 hadi 1975. Barabara yake ni ya lami. Nyumba zinaanguka moja moja na ziko kwenye ardhi ya mtu binafsi, kwa hiyo tazameni nje ya uzio.

Nije kwa mwanao, kwa sababu swali lake ndilo kubwa kuliko yote.

Mwambie kwanza kwamba swali lake ni sahihi, na kwamba babu yake labda hakuliuliza kwa kuwa hakuna aliyempa nafasi ya kuliuliza. Mwambie kwamba waliotunga na kupiga picha zile walikuwa upande wa waliokuja kuichukua ardhi, kwa hiyo mwenyeji akawekwa pale anapowekwa adui: anatokea juu ya jabali bila jina, anapiga kelele, anaanguka. Mara nyingi wakuu wao waliigizwa na wazungu waliopakwa rangi. Wanavajo waliajiriwa kuigiza makabila ambayo si yao, kana kwamba Mdigo na Mmasai ni mtu mmoja. Na jina lenyewe "Wahindi Wekundu" tulilipokea kwenye tafsiri. Afadhali mtoto ajifunze kusema Wapaiute, Wanavajo, Waapache, kila mmoja kwa jina lake. Mkiwa mbele ya ile nyumba ya Josey Wales, mwonyeshe kwamba katika picha hiyo mmoja wa wahusika wakubwa, mzee mwenye maneno ya kuchekesha na ya uchungu, aliigizwa na Chief Dan George, aliyekuwa kweli mkuu wa watu wa Tsleil-Waututh huko Kanada. Hakuwekwa ili afe. Mbadiliko huo ulikuja taratibu.

Vilevile mwambie kuhusu makauboi weusi. Wanahistoria hukadiria kwamba baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, karibu mmoja kati ya kila makauboi wanne alikuwa mtu mweusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani. Baba yako aliwaona wachache sana kwenye picha. Ndiyo maana Poitier katika Duel at Diablo si pambo. Alikuwa anarudisha mtu aliyeondolewa.

Halafu maneno yakiisha, mpeleke Pipe Spring. Ni kama maili ishirini kutoka Kanab, upande wa Arizona, kupitia Fredonia. Hapo kuna chemchemi ya maji katikati ya ukavu, ambayo Wapaiute wa Kaibab waliitegemea kwa vizazi. Wafugaji wa Kimormoni walikuja na ng'ombe, na kuanzia 1870 wakajenga ngome ya mawe juu kabisa ya chemchemi ile. Majengo mawili ya ghorofa yanatazamana, katikati ua, na maji yakawa ndani ya kuta. Ng'ombe wakamaliza majani ambayo mbegu zake Wapaiute walikuwa wakila. Hakuna steringi katika kisa hiki, wala hakuna risasi inayohitajika ili mtoto akielewe: mwenye maji akajikuta nje ya ukuta. Mahali hapo ni mnara wa kumbukumbu wa taifa tangu 1923, umezungukwa na ardhi ya Wapaiute wenyewe, na makumbusho yake yanaendeshwa kwa ushirikiano wa mamlaka ya hifadhi na kabila. Mwanao atasikia upande wao, na atajua kwamba hawakuisha.

Na kwa baba yako hapo kuna zawadi nyingine. Mwambie agonge ukuta wa ngome kama alivyogonga ule wa uwanjani. Kifundo kitauma, na ukuta hautaitika. Kisha atazame unene wake pale dirishani, mawe yalivyochongwa na kulazwa. Nawashauri muende Pipe Spring siku inayofuata uwanja wa seti, msitangulize, ili mkono wake uwe bado unakumbuka ile sauti ya debe.

Kuhusu safari yenyewe. Toka Phoenix mpaka Kanab kwa njia ya Page ni mwendo wa karibu saa sita bila vituo. Na mzee fanyeni siku nzima, mlale Kanab usiku mbili. Wakati wa kurudi piteni njia ya Jacob Lake na Marble Canyon, mkasimame kwenye daraja la Navajo kuutazama mto Colorado ukiwa chini kabisa ya miguu yenu. Mjihadhari na saa: Arizona haibadilishi saa zake, Utah inabadilisha, kwa hiyo Septemba Kanab inakuwa mbele yenu kwa saa moja. Kwenye ardhi ya Wanavajo mnayopita nao wako saa ya Utah. Simu zitakuwa zinarukaruka. Chukueni saa ya mkononi na muiache kwenye saa ya Utah mpaka mtakapokwenda Pipe Spring, ambako ni saa ya Phoenix tena. Makumbusho ya Kanab yapigieni simu siku moja kabla kuuliza saa za kufungua, maana miji midogo hufuata msimu.

Kanab ipo mita 1,500 hivi juu ya bahari na hewa yake ni kavu sana. Mtu wa Tanga, aliyezoea jasho, hatajisikia kiu ilhali maji yanamtoka, mkumbusheni kunywa. Mchana atataka kofia, usiku atataka sweta. Uwanjani avae viatu vya kufunga, achukue na mkongojo wake hata kama anasema hauhitaji. Nyama ya halali msitegemee kuipata mjini. Bebeni ya kwenu kwenye kasha la barafu, na chumba chenye jiko kidogo kitawafaa kuliko mkahawa. Kwa swala, kibla ya huku ni kaskazini kuelekea mashariki, jambo ambalo wageni kutoka nyumbani hulishangaa kwa kuwa wamezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja.

Wahini uwanjani mapema asubuhi, kabla ya saa tatu na nusu kama watakuwa wamefungua. Mabasi ya watalii yanakuja baadaye, na jua la asubuhi linapiga ubavuni mwa nyumba, ndipo nyufa zote za brashi ya waya zinapoonekana. Na mnunulie mzee futi ya kupimia kabla hamjatoka Phoenix. Ataitaka.